Mikono ya Dhoni Isiyorudi Nyuma

Katika kriketi, mlinda wiketi hufundishwa kuupokea mpira kama anayedaka yai: mikono irudi nyuma kidogo pamoja nao, usije ukadunda viganjani na kuponyoka. Mahendra Singh Dhoni wa India hakulifuata somo hilo. Mpira wa spini ulipompita mpigaji, aliudaka karibu kabisa na vijiti, mikono ikiwa tayari inaelekea mbele. Kudaka mpira na kuangusha wiketi vikawa tendo moja.

Faida yake iko kwenye mstari. Mpigaji husimama nyuma ya mstari ulio mita 1.2 hivi mbele ya wiketi. Akiuvuka kuufuata mpira na kuukosa, hutolewa iwapo vijiti vidogo vilivyolazwa juu ya wiketi vitaangushwa kabla hajarudisha mguu au gongo. Mara nyingi mguu huinuka kwa kufumba na kufumbua tu. Anayevuta mikono nyuma ndipo aipeleke mbele amekwisha chelewa. Dhoni aliwatoa hivyo wapigaji 195 katika mechi za kimataifa, 123 kati yao katika mechi za siku moja, na hakuna mlinda wiketi mwingine aliyefikia idadi hiyo.

Kasi ya mikono peke yake haitoshi. Alisoma mchezo mapema. Machi 2016 mjini Bengaluru, katika Kombe la Dunia la T20, Bangladesh walihitaji mbio 2 kwa mpira wa mwisho ili kuishinda India. Kabla haujarushwa, Dhoni alivua glovu ya mkono wa kulia ili awe tayari kurusha. Mpigaji akaukosa, yeye na mwenzake Mustafizur Rahman wakakimbia. Lakini Dhoni hakurusha: aliona kurusha kuna hatari ya kukosa shabaha, akatimka na mpira mkononi, akaangusha wiketi kabla Mustafizur hajafika. India ikashinda kwa mbio 1.

Basi kijana anayejifunza aanze na yai; mtindo wa Dhoni unadai viganja laini ambavyo wachache wanavyo. Mstari nao hauna rafiki. Desemba 2004, katika mechi yake ya kwanza ya kimataifa, Dhoni alitolewa akikimbia, bila mbio hata moja. Julai 2019 mjini Manchester, katika mechi yake ya mwisho ya kimataifa, alitolewa akikimbia tena, gongo likiwa limepungukiwa sentimita chache kuufikia mstari.