Chati Isiyo na Mhusika Mkuu

Chora mstari wa kulala, uuite mfereji. Kushoto andika Brunsbüttel, karibu na mahali Mto Elbe unapoingia Bahari ya Kaskazini. Kulia andika Kiel, kwenye Bahari ya Baltiki. Kati yake kuna kilomita zipatazo 98. Chora na mstari wa kusimama: hizo ni saa, zikipanda juu. Humo ndani kila meli ni mstari mmoja wa mshazari. Zinazokwenda mashariki hupandia kulia, zinazokwenda magharibi hupandia kushoto. Wapangaji wa safari katika mfereji huo wa Ujerumani, uliofunguliwa 1895, hufanya kazi kwa mchoro wa namna hii, na naona unastahili kusomwa kama tusomavyo utenzi: umbo kwanza.

Umbo lenyewe limerithiwa kutoka reli. Katika karne ya 19 Mfaransa Étienne-Jules Marey alichapisha chati ya treni za Paris na Lyon, nayo husifiwa mpaka leo. Tofauti ni kwamba treni ina ratiba. Meli hufika inapofika, na chati ya asubuhi huenda ikawa imekwisha kazi mchana.

Mvuto wote uko kwenye alama ya X. Mistari miwili ikikatana, meli mbili zimekutana uso kwa uso, na swali ni moja tu: wapi? Kila meli hupewa kundi, kuanzia 1 hadi 6, hasa kwa ukubwa wake. Katika sehemu nyembamba ya mashariki, jumla ya makundi ya meli zinazopishana isizidi 6. Katika sehemu ya magharibi, iliyokwisha kupanuliwa, isizidi 8. Basi meli ya kundi la 4 na ya kundi la 3 hupishana bila wasiwasi upande wa magharibi, lakini X hiyohiyo ikiteleza ikaangukia kwenye wembamba, ni kosa. Meli ya kundi la 6 huko haiwezi kukutana hata na kijimeli cha kundi la 1, maana 6 na 1 ni 7.

Dawa ni mapishano, yaani sehemu pana zilizochimbwa hapa na pale njiani. Kwenye chati hizo ni nguzo za wima, toka saa ya kwanza hadi ya mwisho, na X ikiangukia ndani ya nguzo, ni halali. Ili iangukie humo, mara nyingi meli moja hulazimika kusimama. Mstari wake unaacha mshazari na kupanda wima. Hapa ndipo chati inapolishinda jedwali la ratiba. Jedwali huandika kufika na kuondoka, kisha likaacha kungoja kujifiche kati ya safu mbili. Chati hukupa kungoja kwa kipimo kilekile cha kusafiri. Saa nzima ya kusimama huwezi kuiruka kwa macho.

Ugumu ni kwamba ukisogeza X moja, umesogeza na nyingine. Mwaka 2019 Elisabeth Lübbecke, Marco Lübbecke na Rolf Möhring walichapisha njia ya kompyuta ya kuamua nani amngoje nani, wapi na kwa muda gani. Ilipopimwa kwa data halisi za mfereji, iliishinda mipango ya wataalamu kwa asilimia 25. Lengo lake ni kupunguza jumla ya muda wa meli zote. Jumla! Nahodha mmoja anaweza kusimamishwa mara tatu ili wengine wapite, na jumla ikapendeza. Ukitazama mchoro mzima unaona mtandao nadhifu. Ufuate mstari wa nahodha huyo peke yake kwa kidole, unaona ngazi.

Kisha kuna yale ambayo umbo hili haliwezi kuyasema. Mstari hauna unene, ilhali meli ina urefu: mistari mitatu ya wima inaenea vizuri ndani ya nguzo moja, lakini meli tatu ndefu huenda zisienee kwenye mapishano. Hesabu hiyo hufanywa pembeni. Kingo za chati ndizo bubu zaidi. Huko Brunsbüttel na Kiel kuna malango ya maji, vyumba ambamo meli hufungiwa mpaka maji yalingane na ya upande wa pili. Vile vikubwa, vya 1914, vina urefu wa mita 310 na upana wa 42, na meli kadhaa hupangwa humo ubavu kwa ubavu, ndogo zikijaza mapengo yaliyoachwa na kubwa. Huo ni mchezo wa mistatili. Mshazari hauna kazi hapo. Chati huonyesha tu mistari kadhaa ikianza safari kwa pamoja, bila kueleza kwa nini. Chumba kimoja kikifungwa kwa matengenezo, mistari ya saa zinazofuata huhama, hata kama katikati ya mfereji hakuna kilichobadilika.

Sehemu ya mashariki, ambayo upana wa sakafu yake ulikuwa mita 44, inapanuliwa ifikie 70. Kazi yote hiyo ya kuchimba itaonekana kwenye chati kwa jambo moja: baadhi ya X zilizokuwa zikisukumwa ndani ya nguzo zitaachwa pale zilipoangukia.