Sifa za Milimita Themanini

Anayechagua kati ya Honda Rebel 500 na Kawasaki Vulcan S kwa kawaida huanza na injini, maana injini ndiyo inayosikika. Zote mbili zina silinda mbili zilizosimama bega kwa bega na hupozwa kwa maji. Ya Rebel ina sisi 471 na hutoa kilowati 34 hivi, ya Vulcan S ina sisi 649 na hutoa kilowati 45. Tofauti hiyo ni ya kweli, na kwenye mlima mrefu haifichiki. Lakini mtu akisema anatafuta starehe na wepesi wa kuongoza, injini haina budi kusubiri zamu yake. Kwanza aulize makalio yamewekwa wapi, miguu imeelekezwa wapi, mikono inanyooka kiasi gani, na gurudumu la nyuma lina nafasi gani ya kupanda likigonga shimo. Kwenye Vulcan S nafasi hiyo ni milimita 80. Kwenye Rebel ni 96. Humo ndimo unamofanyika ufundi ninaotaka kuusifu, ufundi wa kumkalisha mtu juu ya magurudumu mawili. Na nadai hivi: starehe na uongozaji havishindani, kwa sababu vyote viwili huamuliwa siku moja, kwenye mchoro mmoja wa fremu. Anayejua kuusoma mchoro huo hatahangaika sana kuchagua.

Umbo la kruza, aina ya pikipiki ambamo hizi mbili zimo, halikuzaliwa kwa ajili ya mwili wa binadamu. Lilizaliwa Marekani, nchi ambayo sheria ya barabara kuu ya mwaka 1956 iliifungulia maelfu ya kilomita za lami pana na iliyonyooka, na ambako vijana walikuwa wakikata fremu za pikipiki kuukuu na kurefusha uma za mbele kwa sababu moja tu, kwamba zilipendeza. Filamu ya Easy Rider ya mwaka 1969 iliwapeleka vijana hao duniani kote. Mwaka 1971 Willie G. Davidson, mjukuu wa mmoja wa waanzilishi wa Harley-Davidson, aliuingiza mtindo huo kiwandani Milwaukee kwa pikipiki iliyoitwa Super Glide. Tangu hapo kruza ni lazima iwe ndefu, iwe chini, na siti yake ibonyee. Urembo ulitangulia, mifupa ikafuata. Wachoraji wa Kijapani walioirithi kazi hii waliurithi pia ubishi wake: mteja anataka siti iwe chini ili nyayo zake zote mbili zikanyage ardhi akisimama kwenye taa, kisha anataka mgongo wake usiumie baada ya saa mbili za safari. Siti ikiwa milimita 690 kutoka ardhini, kama ya Rebel, au 705, kama ya Vulcan S, gurudumu la nyuma halina pa kwenda. Likipanda sana litagonga siti. Kila milimita unayompa mnunuzi pale dukani unamnyang'anya barabarani.

Hapa ndipo fundi hasa anapojitenga na mpiga rangi. Mfano ninaoupenda si wa pikipiki hizi mbili bali wa Bill Davis, mhandisi wa St. Louis, ambaye katika miaka ya 1970 alisanifu fremu inayoonekana kama zile za zamani zisizokuwa na shokapu za nyuma kabisa, kumbe springi zake zimefichwa. Harley-Davidson ilinunua wazo lake na kulitoa mwaka 1984 kwa jina la Softail, shokapu zikiwa zimelazwa chini ya giaboksi. Mtu akiitazama toka kando huona mstari mmoja ulionyooka kutoka shingo ya usukani hadi ekseli ya nyuma, na haoni kinachomwokoa. Davis hakuukataa urembo wala hakuupigia magoti. Aliukubali kama sharti la kazi, kisha akatafuta upenyo. Sioni tofauti kati ya akili hiyo na ya seremala anayefunga mlango kwenye ukuta uliopinda.

Upenyo wa Rebel uko kwenye tairi, nao wengi huupita bila kuuona. Tairi yake ya mbele imeandikwa 130/90-16: upana milimita 130, na ukuta wa mpira ni asilimia 90 ya upana huo, yaani milimita 117. Ya mbele ya Vulcan S ni 120/70-18, na ukuta wake ni milimita 84. Nyuma, Rebel ina 150/80-16, ukuta wa milimita 120. Vulcan S ina 160/60-17, ukuta wa 96. Mpira mrefu uliojaa upepo ni springi ya kwanza kukutana na barabara, kabla shokapu haijapata habari. Kokoto, viraka vya lami na ile mitetemo midogo inayochosha mikono huishia humo. Vulcan S inajitetea kwa uma wa mbele wenye safari ya milimita 130 dhidi ya 121 za Rebel, na kwa shokapu moja ya nyuma iliyolazwa ubavuni ikiwa na mkono wa kuigawia nguvu. Huo nao ni ufundi mzuri. Ila kwenye barabara iliyochakaa naupendelea mpira.

Tuje kwenye mwili. Kwenye Vulcan S miguu inapelekwa mbele. Kwenye Rebel vikanyagio viko karibu na chini ya nyonga, magoti yamekunjwa. Mnunuzi mgeni akijaribu mikao hii miwili dukani ataona wa kwanza ni wa kifalme na wa pili ni wa kazi. Barabarani mambo hubadilika. Miguu ikiwa mbele, uzito wote wa kiwiliwili hushuka kwenye makalio, nyonga inalala nyuma, uti wa mgongo unapinda, na kila tuta linapokelewa na pingili moja kwa moja. Mwendo ukipanda, upepo unasukuma kifua na mikono inageuka kamba za kumshikilia mtu asirudi nyuma. Vikanyagio vikiwa chini ya mwili, miguu inabeba sehemu ya uzito, na mpanda pikipiki akiliona shimo mapema anaweza kujinyanyua kidogo. Ushahidi wa hili hauhitaji maabara. Dereva wa bodaboda wa Dar es Salaam au Kisumu hushinda juu ya Boxer tangu alfajiri, na pikipiki hiyo isiyojidai kwa lolote ina vikanyagio chini ya mwili na usukani unaofikika bila kuinama. Akifika kwenye matuta, utamwona anainuka. Kruza ya miguu mbele imemnyang'anya mtu magoti yake, na magoti ni shokapu ambayo hakuna kiwanda kinachoiuza.

Kuhusu uongozaji, kuna imani moja iliyoenea kwamba pikipiki iliyo chini huongozeka vyema kwa kuwa uzito wake uko chini. Imani hiyo ni kweli kwa nusu. Mtoto anayesimamisha ufagio kiganjani anajua kwamba mrefu husimama kwa urahisi kuliko kijiti kifupi: mrefu huanguka polepole, mkono ukapata wasaa wa kuufuata. Uzito ulio chini humsaidia mtu aliyesimama au anayesukuma pikipiki gereji. Kwenye kona hauna msaada huo. Kwa sababu tairi zina upana, pikipiki ya chini hulazimika kulala zaidi ili kukata kona ileile kwa mwendo uleule, na kruza ndizo zenye nafasi ndogo ya kulala kabla chuma hakijakwaruza lami. Kinachoamua tabia yake ni vipimo vingine. Uma wa mbele wa Vulcan S umelala digrii 31, wa Rebel 28. Umbali kati ya ekseli mbili ni milimita 1575 kwa ya kwanza na 1490 kwa ya pili. Ukirefusha mstari wa mhimili wa usukani hadi ardhini, utagusa mbele ya mahali tairi inapokanyaga, kwa milimita 120 kwenye Vulcan S na 110 kwenye Rebel. Pengo hilo ndilo linalolirudisha gurudumu kwenye mstari kila linapotaka kuyumba. Likiwa kubwa, pikipiki hutulia kwenye barabara iliyonyooka na hukawia kukubali kona. Ongeza kwamba Vulcan S ina uzito wa kilo 228 hivi na Rebel 190, na utaelewa ni kwa nini Rebel hugeuka upesi huku Vulcan S ikiwa bado inaombwa. Tairi nene ya mbele ya Rebel inaupunguza wepesi huo kidogo. Ndiyo bei ya ule mpira niliousifu.

Mtu anaweza kuniambia kwamba siti hubadilishwa. Ni kweli, na hoja hiyo inanisaidia. Kampuni ya Corbin ya Hollister, California, imejipatia jina kwa siti zenye sponji ngumu iliyochongwa kufuata umbo la makalio, kinyume cha ule ulaini unaomnasa mteja dukani. Sponji laini hubonyea mpaka mifupa ya makalio inakutana na bati. Ngumu na pana huugawa uzito. Mafundi siti wa miji yetu wanaovisha bodaboda ngozi mpya wanalijua jambo hili bila kulisoma popote. Kama siti ni kitu cha kushonwa upya kwa siku moja, basi haifai kuwa sababu ya kununua pikipiki. Mlalo wa uma, umbali wa ekseli na nafasi ya gurudumu la nyuma hakuna fundi atakayevigusa kwa bei ya kawaida. Kinachorekebishika na kifuate kisichorekebishika.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: miili hailingani, na sifa zote ninazoipa Rebel ni za mtu wa kimo cha wastani. Mwenye miguu mirefu atakaa juu yake magoti yakiwa yamepanda, na baada ya saa moja nyonga zitamkumbusha. Hapa Kawasaki wanastahili sifa kuliko Honda. Vulcan S ilipotolewa kwa mwaka 2015 ilikuja na mpango walioupa jina Ergo-Fit: vikanyagio vyenye nafasi tatu, usukani wa kumfikia aliye mbali au aliye karibu, na siti za kumsogeza mtu mbele au nyuma. Kati ya nafasi moja ya kikanyagio na nyingine ni milimita 25 hivi. Ni kidogo, lakini kwenye goti ni kingi, na kitendo chenyewe cha kukiri kwamba mteja si sanamu moja iliyotolewa kwenye kalibu ni adabu ambayo viwanda vingi havina. Abiria, kwa bahati mbaya, hakukumbukwa na upande wowote. Siti ya nyuma katika zote mbili ni ndogo, na sitamtetea yeyote.

Wapo pia watakaosema kruza hununuliwa kwa moyo, vipimo ni vya mahasibu. Siwabishii kuhusu moyo. Ila mtu akiitazama Softail ya Davis ataona kwamba uzuri wake na nafuu yake vilichorwa kwa mkono mmoja, na anayezipenda kruza kwa dhati ana haki ya kudai vyote viwili.

Basi mwenye miguu mirefu, au ambaye safari zake ni za mamia ya kilomita kwenye lami nzuri na mwendo wa juu, achukue Vulcan S: injini haitamtoa jasho, na ule utulivu wa digrii 31 utamfaa. Avifunge vikanyagio kwenye tundu la nyuma kabisa ambalo magoti yake yatalivumilia, si la mbele kabisa ambalo picha za matangazo hulipenda. Wengine, hasa wanaoishi mjini au kwenye barabara za kona na mashimo, wachukue Rebel, kisha fedha iliyobaki waende nayo kwa fundi siti wakiwa na agizo moja: sponji ngumu, pana nyuma, iliyopunguzwa mbele katikati ya mapaja ili miguu iendelee kufika chini.