Simba wa King Street: Kiswahili Kinapouza Tiketi



Sisi tuliosomea fasihi hupenda kuhakiki mchezo wenyewe, tangazo lake tukawaachia wachuuzi. Lakini tangazo nalo ni matini, tena husomwa na watu wengi kuliko wanaokanyaga ukumbini. Hebu tuutazame mfano uliotugusa hapa Toronto.

The Lion King ilioneshwa Princess of Wales Theatre, King Street, kuanzia 2000 hadi mwanzoni mwa 2004, na ikarudi tena 2024. Bango lake la njano lenye kichwa cheusi cha simba linajulikana dunia nzima. Halina mtu wala mji, na neno "Afrika" halimo, lakini kila anayeliona anajua ameitwa wapi. Hiyo ni kazi ya ustadi, tusibishe.

Shida inaanza kwenye maelezo wanayopewa waandishi wa magazeti. Humo mchezo unasifiwa kwa kutumia lugha sita za Kiafrika: Kiswahili, Kizulu, Kixhosa, Kisotho, Kitswana na, ya sita, eti "Congolese". Sasa hiyo "Kikongomani" ndiyo lugha gani, jamani? Kongo ya Kinshasa ina lugha zaidi ya 200, na nne ni za kitaifa: Kikongo, Lingala, Kiluba na hichohicho Kiswahili kilichokwisha kuhesabiwa. Mchezo wa Kizungu ungetangazwa kuwa una nyimbo za Kifaransa, Kijerumani na "Kiulaya", mhariri angecheka na kufuta. Kwa upande wetu linapita, kwa kuwa orodha ile haikuandikwa ili isomwe na mwenye lugha. Ni pambo.

Angalia na majina. Rafiki, Simba na Pumbaa hayana neno. Lakini fisi kaitwa Shenzi! Anayesikia Kiingereza tu ataliona jina tamu la kigeni. Mtu wa kwetu aliyekulia chini ya mkoloni, au aliyesimuliwa na wazee wake, analijua hilo kama tusi ambalo bwana mkubwa alimtupia mpishi na mtunza bustani wake. "Hakuna matata" nayo iliombewa hati ya alama ya biashara ya nguo huko Marekani mwaka 1994, ikasajiliwa 2003. Malalamiko makubwa yalikuja 2018, miaka kumi na mitano baadaye. Tulikuwa wapi?

Redio ni ngumu zaidi. Gazeti lina picha, redio ina sauti tu na sekunde chache. Mchezo huu unajulikana kwa ule mwito wa Kizulu wa Lebo M. Maneno yake ni ya kawaida kabisa, habari ya ujio wa simba, lakini kwa msikilizaji aliye ndani ya gari barabarani hayo si maneno tena. Ni sauti ya mbuga, kama ngurumo au ndege.

Linganisheni na Dar es Salaam ya miaka ya 1990, TOT na Muungano walipokuwa wakishindana kwa taarabu na mipasho. Gari lilipita mtaani na spika juu, mabango yakabandikwa, na kila mtu akajua Khadija Kopa yuko upande gani na Nasma Khamis upande gani. Hayo nayo yalikuwa biashara, tena ya kelele. Tofauti ni kwamba tangazo lilizungumza na mtu anayeelewa, likamchokoza: njoo usikie nani kajibiwa. Lugha ndiyo iliyokuwa bidhaa yenyewe.

Najua mtaniambia: Profesa, tangazo kazi yake ni kuuza, na mchezo huu umewapa ajira waimbaji wengi wa Kiafrika. Kweli, na watoto wetu waliona fahari kusikia "asante sana" jukwaani. Siidharau fahari hiyo. Ila kuuza hakuzuii kusema kweli, na kumwuliza mwenye lugha hakuongezi bei ya tiketi.

Tena mji huu umeshaonesha kwamba inawezekana kuhoji. Mwaka 1993 Show Boat ilipokuwa ikitayarishwa kufunguliwa North York, watu weusi wa Toronto hawakungoja pazia lifunguliwe. Waliandamana, na M. NourbeSe Philip akaandika kitabu kizima, Showing Grit, mwaka huohuo. Mchezo ulifunguliwa Oktoba, lakini haukuweza tena kujitangaza kana kwamba wote wanaufurahia.

Basi tuanze na letu. Vikaratasi vya shughuli zetu wenyewe, vile vinavyoachwa kwenye maduka ya nyama halali, vingi vina "Karibuni" juu na Kiingereza kitupu chini. Tukikifanya Kiswahili kuwa pambo kwa mikono yetu, tutamlaumuje mwenye ukumbi?

Naomba kutoa hoja.