Pamba ya shavuni na wakimbiaji wa kwetu

Kaa kwenye barza yoyote Kikwajuni, jirani na Uwanja wa Mao Zedong, uulize mwanamke ni nani. Utachekwa, halafu utaulizwa kama umekula. Uingereza swali hilo limefika Mahakama ya Juu. Tarehe 16 Aprili 2025 majaji waliamua kwamba neno "mwanamke" kwenye Sheria ya Usawa ya 2010 linamaanisha jinsi ya kuzaliwa. Miongoni mwa waliopeleka hoja mbele yao ilikuwa Sex Matters, taasisi ya hisani iliyoanzishwa 2021 na Maya Forstater na wenzake. Wapinzani wanasema inawabagua watu waliobadili jinsia. Yenyewe inasema inalinda haki za wanawake: magereza, vyumba vya kubadilishia nguo, michezo.

Vyumba vya London wacha wenyewe wavijadili. Mimi nataka tuipime hoja yao ya kisayansi, kwa sababu kwetu imeshafika, tena kwa mlango wa riadha.

Kiswahili kinatusaidia mapema hapa. Jinsi ni mwili, jinsia ni yale jamii inayomtaka mtu awe. Sex Matters inasema jinsi ni mbili, haibadiliki, na kwenye michezo ndiyo inayohesabika. Kwa wastani wa watu, wana hoja nzito, na anayewajibu kwa kuwazomea hajasoma. Testosteroni ya wanawake wengi iko chini ya nanomoli 2 kwa lita. Ya wanaume inaanzia karibu 8 mpaka 29 hivi. Balehe ya kiume inaongeza misuli, urefu wa mifupa na damu inayobeba oksijeni, na kwenye mbio za ngazi ya juu pengo ni asilimia 10 hadi 12. Emma Hilton, mwanabiolojia wa Manchester na mmoja wa waanzilishi wa Sex Matters, alichapisha na Tommy Lundberg mapitio ya tafiti mwaka 2021: kuizima homoni hiyo kwa mwaka mmoja kunapunguza misuli kwa takriban asilimia 5 tu. Wengi waliopimwa hawakuwa wanariadha, ndiyo, lakini matokeo hayo huwezi kuyapuuza.

Sasa njoo Rio, Agosti 2016, mita 800 za wanawake. Wa kwanza Caster Semenya wa Afrika Kusini, wa pili Francine Niyonsaba wa Burundi, wa tatu Margaret Wambui wa Kenya. Hakuna aliyebadili jinsia hapo. Wamezaliwa wakaitwa wasichana, wakalelewa wasichana, wakakimbia kama wasichana. Lakini kanuni za homoni zilizoanza kutumika Mei 2019 ziliwabana wote watatu: shusha testosteroni chini ya nanomoli 5 au usikimbie kuanzia mita 400 mpaka maili moja.

Ushahidi uliokuwa nyuma ya kanuni hizo ulikuwa dhaifu, na hili halisemwi vya kutosha. Utafiti wa 2017 uliotegemewa ulikuta uhusiano kwenye mita 400, 400 kuruka viunzi, 800, kurusha nyundo na kuruka kwa upondo. Kanuni zikaiacha nyundo, zikauacha upondo, zikaingiza 1500 ambayo haikuwemo! Mwaka 2021 jarida lilichapisha marekebisho: waandishi wenyewe walikubali kwamba kazi yao haithibitishi kuwa homoni ndiyo sababu. Mwezi uliofuata Niyonsaba, aliyekwishahamia mbio ndefu, akavunja rekodi ya dunia ya mita 2000 huko Zagreb. Machi 2023 kanuni zikapanuliwa mpaka mbio zote, kiwango kikashushwa hadi 2.5.

Halafu yupo Annet Negesa wa Uganda. Alizuiwa wiki chache kabla ya Olimpiki ya London 2012, akafanyiwa upasuaji ambao anasema hakuelezwa vilivyo, na afya yake ikaharibika. Alijitokeza hadharani 2019, akapata hifadhi Ujerumani. Shirikisho la riadha la dunia limekanusha kuhusika. Hata ukilikubalia, mwili uliokatwa ni wa nani?

Tangu Septemba 2025 kipimo ni cha jeni ya SRY, pamba ya shavuni au tone la damu, mara moja maishani. Sex Matters iliunga mkono: rahisi, hakuna kumvua mtu nguo. Kweli ni rahisi. Ila Andrew Sinclair, aliyeongoza ugunduzi wa jeni hiyo mwaka 1990, ameandika kuipinga hatua hiyo. Kipimo kinasema jeni ipo, basi. Hakisemi kama inafanya kazi, kama korodani ziliumbika, kama mwili unaitumia testosteroni. Olimpiki ya Atlanta 1996 walipimwa wanawake 3,387. Wanane walikutwa na alama ya kiume, na wote wanane waliruhusiwa kushindana. Kanuni za sasa pia zinamwachia yule ambaye mwili wake hauisikii kabisa homoni hiyo, lakini mpaka afanyiwe vipimo vingine, na pamba peke yake haikumtambua.

Sex Matters wakiulizwa kuhusu watu hawa hujibu kwamba ni wachache na hawaondoi ukweli wa jinsi mbili. Sawa, hawauondoi. Lakini uchache wao si jibu la nini wafanyiwe, na kuanzia hapo anayeamua si baiolojia tena. Wanazuoni wa fiqhi waliliona zamani. Kwenye mirathi upo mlango wa huntha, na katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi hapa Unguja, kila mrithi hupewa lililo yakini, lenye shaka likawekwa mpaka hali ibainike. Hawakusema ni mmoja kwa elfu ngapi, tumruke.

Ufaransa sheria inakataza kumpima mtu jeni kwa sababu hiyo, ikabidi wanariadha wake wapimwe nje ya nchi. Sex Matters wanaposema ni pamba tu, ningependa watujibu: msichana wa miaka kumi na saba wa Unguja akipimwa, bahasha ya majibu anafungua nani, na anayemsomea anajua kitu gani zaidi ya "ipo" au "haipo"?