Tundu la Kitovu: Sifa za Wafafanuzi

Sura ya 11 ya kitabu cha Laozi, mwanafalsafa wa kale wa China, inataja vitu vitatu ambavyo mafundi wa kila nchi wanavijua: gurudumu, chombo cha udongo na chumba. Gurudumu huzunguka kwa sababu kitovu chake kina tundu, chombo hupokea kwa sababu ndani mna uwazi, na chumba hukalika kwa sababu kuta zimetobolewa mlango na madirisha. Ni sura fupi mno, na kwa ufupi wake ni rahisi kuionea. Nawasifu hapa wanaoikinga isionewe, yaani wafafanuzi: watu wanaokaa na matini kongwe mstari kwa mstari mpaka watuonyeshe inabeba nini na inakataa kubeba nini.

Mfafanuzi Wang Bi wa China alifariki mwaka 249 akiwa bado kijana, lakini maelezo yake ya Laozi yangali yanasomwa. Katika tundu la kitovu aliona kanuni: kwa kuwa ni tupu, lina nafasi ya kupokea, ndiyo maana kimoja huweza kuongoza vingi. Maelezo mengine ya kale, yanayonasibishwa na Heshang Gong, yanashika njia tofauti kabisa. Yanasema spoki ni thelathini kwa mfano wa siku za mwezi, kisha yanageukia mwili: anayeutunza aondoe tamaa, ili viungo vya ndani viwe na nafasi na roho zipate kukaa humo. Baada ya mwili yanahamia kwenye utawala wa nchi. Mmoja anatafuta msingi wa vitu vyote, mwingine anatafuta uzima na utulivu wa dola. Lakini wote wawili wanalishika gurudumu lile lile, wala hakuna aliyelitupa ili apate kusema yake. Hapo ndipo ulipo ufundi wao.

Mwaka 1906 Okakura Kakuzō, Mjapani aliyeandika kwa Kiingereza, alieleza katika kitabu chake kuhusu chai, akimfafanua Laozi, kwamba uhalisi wa chumba umo katika nafasi iliyozungukwa, si katika paa na kuta. Msanifu majengo Frank Lloyd Wright aliliona humo wazo alilokuwa akilijenga mwenyewe, akalieneza Marekani. Zao la usomaji wa Okakura ni kubwa, na nalipenda. Hata hivyo Okakura amevuka mpaka kidogo, kwani sura yenyewe inakipa kazi kilichopo na kisichokuwapo pia.

Atauliza mtu: ikiwa wasomaji hawa wanatofautiana hivi, si kila mmoja aseme apendavyo? La. Siku hizi vyumba vyeupe visivyo na kitu vinauzwa kama hekima ya Asia, na usomaji huo unaosifu utupu peke yake unavunjika mara tu unapomkabili mtengeneza magurudumu: ondoa spoki, na tundu la kitovu halina kazi tena. Matini inaruhusu mengi, lakini hilo hairuhusu.

Pingamizi zito zaidi limetoka ardhini. Mwaka 1973, huko Mawangdui nchini China, kaburi lililofungwa mwaka 168 K.K. lilitoa nakala mbili za Laozi kwenye hariri, na ndani yake nusu ya pili ya kitabu imeitangulia ya kwanza. Mwaka 1993 vipande vya mianzi vilivyoandikwa, vya Guodian nchini humo, vya kale zaidi, vilionekana kuwa na sehemu tu ya kitabu, na sura ya 11 haimo. Basi huenda Wang Bi alifafanua matini iliyokwisha kupangwa upya. Nakubali, na hoja hiyo isifichwe. Lakini kamba zilizofunga mianzi ile zilikuwa zimeoza, vipande vikatawanyika. Na waliovipanga walivitambua kwa kuvilinganisha na matini ambayo Wang Bi na Heshang Gong waliitunza kwa kuieleza.