Kazi za Ratiba kwenye Wingu: Mzigo Uko kwa Anayepokea Ombi

Kuweka kazi ya ratiba kwenye Google Cloud Scheduler hakuchukui muda. Unaipa kazi jina, unaandika ratiba kwa nafasi tano zilezile za cron, unachagua saa za eneo, unataja anwani ya wavuti itakayopelekewa ombi na aina ya ombi lenyewe, kisha unawasha. Kuanzia hapo, kila siku saa uliyoitaka, ombi linatoka. Urahisi huo ndio unaowafanya wasanidi wengi waamini kwamba shughuli imekwisha, na imani hiyo ndiyo ninayotaka kuipinga hapa. Nashikilia kwamba kazi ya ratiba ikishageuka kuwa ombi linalopita mtandaoni, uhakika wake hauko tena kwenye ratiba. Uko kwenye programu inayopokea ombi, na programu hiyo isipojengwa kwa kutarajia kuitwa mara mbili, kuitwa kwa kuchelewa au kutoitwa kabisa, hakuna namba utakayoiweka kwenye Scheduler itakayokuokoa.

Tuanze na tofauti kati yake na cron ya zamani, kwa sababu hapo ndipo watu wanapojengea matumaini yasiyostahili. Cron, iliyokuja na Unix katika miaka ya 1970, huendesha amri ndani ya kompyuta ileile inayohesabu saa. Amri ikimalizika huacha namba: sifuri ikiwa imefaulu, nyingine ikiwa imeshindwa. Mashine ikizimwa, saa na kazi huzimika pamoja. Ombi la HTTP halina umoja huo. Anayetuma yuko upande mmoja, anayefanya kazi yuko upande mwingine, na kinachoweza kurudi ni kimoja kati ya vitatu: jibu la kufaulu, jibu la kushindwa, au kimya. Kimya ndicho kigumu. Huenda ombi halikufika. Huenda lilifika na kazi ikafanyika nusu. Huenda kazi ilikamilika yote, jibu likapotea njiani. Aliyetuma hana namna ya kutofautisha hali hizo, na Scheduler huzihesabu zote kuwa kushindwa. Kwake, kufaulu ni jibu lenye namba kati ya 200 na 299 lililofika ndani ya muda, basi.

Chukua mfano wa huduma ya SACCOS inayowakumbusha wanachama kwa ujumbe mfupi kwamba kesho ni siku ya rejesho la mkopo. Programu iko Cloud Run, huduma ya Google ya kuendesha programu, na Scheduler huiita kila siku saa mbili asubuhi. Mipangilio yote imeachwa kama ilivyokuja. Sasa tazama namba. Scheduler husubiri jibu kwa dakika 3. Cloud Run huruhusu ombi moja lishughulikiwe hadi dakika 5. Wanachama wakiwa wachache, orodha humalizika kwa sekunde kadhaa na hakuna anayeona pengo lililopo. Wakiongezeka hadi utumaji uchukue dakika 4, Scheduler itakata tamaa dakika ya 3 na kuandika kwamba kazi imeshindwa, huku programu ikiweza kuendelea kutuma hadi mwanachama wa mwisho. Logi zinasema imeshindwa, simu za wanachama zinasema imefaulu. Msimamizi anayezisoma logi hizo kwa nia njema ataiendesha kazi upya kwa mkono, na kila mtu atapata ujumbe wa pili. Msimbo hauna kosa hata mstari mmoja. Kuna namba mbili za kuanzia, kila moja ina busara ikiwa peke yake, zilizowekwa na huduma mbili zisizojuana.

Atakayesema dawa ni kuongeza muda yuko sahihi kwa nusu. Kwa ombi la HTTP muda wa kusubiri unaweza kupandishwa hadi dakika 30, na kwa kazi ya dakika 4 ningeupandisha bila kusita, nikihakikisha subira ya Scheduler inazidi ile ya Cloud Run ili anayefanya kazi ndiye akate kwanza. Lakini tatizo limesogezwa mbele tu. Kadiri ombi moja linavyokaa wazi, ndivyo nafasi ya muunganisho kukatika inavyoongezeka, na ukikatika tunarudi kwenye kimya kilekile. Wengine hukimbilia njia iliyo kinyume: programu ijibu 200 papo hapo, halafu iendelee na kazi nyuma ya pazia. Kwenye Cloud Run hiyo ni mbaya zaidi, maana kwa mpangilio wa kawaida programu hupewa prosesa wakati inashughulikia ombi tu. Jibu likishatoka, kazi iliyobaki inaweza kukwama katikati, na Scheduler imekwisha kuandika kwamba mambo ni shwari. Lililo sawa ni kuigawa kazi. Ombi la Scheduler liingize majukumu kwenye foleni, Cloud Tasks kwa mfano, na kujibu; kisha kila mwanachama ashughulikiwe kwa ombi lake fupi. Ombi fupi likishindwa, linashindwa peke yake.

Suala la kurudia ndilo linalostahili subira zaidi. Idadi ya marudio kwenye Scheduler huanzia 0, yaani ombi likishindwa leo asubuhi hakuna kitakachofanyika hadi kesho asubuhi. Wengi wakigundua hilo huipandisha hadi 5, ambayo ndiyo ya juu kabisa, na kutulia. Mapema mno. Pumziko la kwanza ni sekunde 5, nayo mapumziko huongezeka maradufu: 5, 10, 20, 40, 80. Jumla yake ni sekunde 155. Ikiwa programu inalikataa ombi papo hapo, labda kwa sababu toleo jipya limepandishwa na kasoro, nafasi zote tano zitakuwa zimetumika kabla dakika tatu hazijapita, na hitilafu ya robo saa itakuwa imekula zamu ya siku nzima. Weka pumziko la kwanza liwe dakika 5, ukiacha kikomo cha juu cha saa moja kama kilivyo, na mapumziko yanakuwa dakika 5, 10, 20, 40 na 60. Idadi ni ileile tano, lakini sasa inavuka hitilafu ya zaidi ya saa mbili.

Hata hivyo, kila jaribio la nyongeza ni nafasi nyingine ya kuifanya kazi mara mbili, na hapa watengenezaji wenyewe wametuachia ushahidi. Katika kitabu cha wahandisi wa Google kuhusu uendeshaji wa mifumo, kilichotoka 2016, kuna sura nzima juu ya cron yao ya ndani. Msimamo wao humo uko wazi: kati ya kuruka zamu na kuiendesha mara mbili, wanapendelea kuruka, kwa kuwa zamu iliyorukwa ni rahisi kuirekebisha kuliko iliyorudiwa. Huduma wanayotuuzia imeegemea upande wa pili. Scheduler huahidi kupeleka ombi angalau mara moja, na nyaraka zake zinatutaka tujenge wapokeaji wasiodhurika na marudio. EventBridge Scheduler ya AWS, iliyozinduliwa Novemba 2022, nayo huahidi angalau mara moja, na kwa mpangilio wa kuanzia inaweza kurudia hadi mara 185 ndani ya saa 24. Sioni hila yoyote hapo. Mtoa huduma hawezi kujua kama kazi yako ni kufuta mafaili ya muda, ambayo yakifutwa mara mbili hakuna neno, au ni kukata ada kwenye akaunti za watu. Anayejua ni wewe, na ndiyo maana uamuzi umeachiwa wewe.

Utekelezaji wake hauhitaji mitambo mikubwa. Kwenye hifadhidata weka jedwali lenye ufunguo wa kipekee unaotokana na kazi yenyewe: namba ya mwanachama, tarehe ya rejesho, aina ya ujumbe. Kabla ya kutuma, programu ijaribu kuuandika ufunguo huo. Hifadhidata ikikataa kwa kuwa tayari upo, mwanachama huyo anarukwa. Tarehe isichukuliwe kwenye saa ya seva wakati ombi linapofika, kwani marudio yanaweza kuvuka saa sita usiku na kuangukia siku nyingine. Scheduler hutuma pamoja na ombi kichwa kinachotaja saa iliyopangwa, nayo ndiyo ya kutumia. Bado linabaki pengo dogo: programu inaweza kuanguka ikiwa imeandika ufunguo na haijatuma ujumbe, au kinyume chake ukiupanga mfuatano kinyume. Pale unapotegemea mfumo wa mtu mwingine kutuma, hakuna ujanja wa kuliziba pengo hilo moja kwa moja, kwa hiyo unachagua kosa unaloweza kulivumilia. Kwa ukumbusho ningeandika kwanza, nikubali mmoja akose ujumbe. Kwa fedha nisingekubali lolote kati ya hayo mawili: kila jaribio lingebeba namba ileile ya rejea kwenda kwa mtoa huduma wa malipo anayeitambua namba iliyorudiwa, ili malipo ya pili yakataliwe huko.

Kuna pingamizi ninaloliheshimu, kwamba haya ni mengi kwa taasisi ndogo yenye msanidi mmoja, na kwamba crontab kwenye seva ya kukodi imewatumikia wengi bila jedwali lolote. Ni kweli crontab huondoa safari ya mtandao. Haiondoi mengine. Zamu iliyotangulia ikichelewa, inayofuata huanza juu yake, maana cron haiulizi kama ya kwanza imemalizika. Seva ikiwa imezimwa saa hiyo, zamu hupotea. Seva ikihamishwa na ya zamani ikasahauliwa bila kuzimwa, kazi hufanyika kote kuwili. Jedwali lenye ufunguo wa kipekee lingetibu mawili kati ya matatu hayo hata huko, na gharama yake ni safu chache na sharti moja la hifadhidata.

Saa za eneo nazitaja kwa kifupi. Ukisanidi kwa mstari wa amri bila kutaja eneo, Scheduler hutumia UTC, iliyo nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa tatu. Wengi huzipunguza kichwani na kuendelea, na kwa kazi ya kila siku hesabu hiyo inatosha kwa kuwa Afrika Mashariki haibadilishi saa kwa misimu. Kwa kazi ya kufunga mwezi haitoshi. Saa sita usiku wa kuamkia tarehe 1 huku kwetu ni saa tatu usiku ya siku ya mwisho ya mwezi uliopita kwa UTC, na nafasi tano za cron hazina namna ya kusema siku ya mwisho, ambayo huwa 28, 29, 30 au 31. Andika Africa/Dar_es_Salaam au Africa/Nairobi, na siku ibaki 1.

Ulinzi nao una njia ya mkato inayovutia: kuiacha huduma wazi na kuficha neno la siri ndani ya anwani. Anwani huandikwa kwenye logi, hivyo siri hiyo haidumu. Kukagua kama ombi lina kichwa kinachoitaja Scheduler hakutoshi pia, kwa kuwa kichwa anaweza kukiandika yeyote. Funga huduma, tengeneza akaunti ya huduma kwa ajili ya kazi hiyo pekee, ipe ruhusa ya kuiita Cloud Run na si zaidi, kisha iagize Scheduler iambatishe tokeni ya OIDC, inayothibitisha utambulisho wa akaunti hiyo. Usichague tokeni ya OAuth hapa; hiyo ni ya kuita API za Google zenyewe.

Linabaki tatizo la kutoitwa kabisa. Kazi iliyositishwa wakati wa majaribio na kusahauliwa haitoi kosa, kwa kuwa hakuna kilichoshindwa, na tahadhari inayongoja logi ya kosa itangoja milele. Kinachopaswa kuchunguzwa ni matokeo, na jedwali la funguo linayo tayari: ifikapo saa tatu asubuhi, wenye rejesho kesho ni wangapi, na funguo zilizoandikwa kwa ajili yao ni ngapi? Namba zikitofautiana, msimamizi apigiwe simu. Uchunguzi huo usiendeshwe na Scheduler ileile, ndani ya mradi uleule, kwa akaunti ileile. Uwekwe mahali pengine, hata ikiwa ni crontab kwenye ile seva ya kukodi.