Kifuata-faili cha Beazley: kizuri darasani, usiku je?

Ukijifunza Python utakutana na follow, msimbo mfupi wa David Beazley kutoka somo lake la PyCon 2008. Unaruka hadi mwisho wa faili, unasoma mstari. Ukikosa kitu unalala sekunde 0.1, unajaribu tena. Kwa kufundisha jenereta (si ile ya dizeli!) sijaona mfano bora. Shida ni sisi tunaounakili na kuupeleka kazini ulivyo.

Mimi niliuelekeza kwenye faili la vipimo vya joto, nikaenda kulala. Asubuhi grafu ina 2, halafu 7.4. Jamani! Kumbe programu ya kihisi huandika kwa mafungu, na fungu moja liliishia katikati ya 27.4. Readline haisubiri: ikifika mwisho hurudisha kilichopo, hata kama mstari haujakamilika. Kwa hiyo tunza kipande hadi \n ifike.

La pili ni baya zaidi, maana halipigi kelele. Baada ya saa sita usiku, hakuna kipimo hata kimoja. Logrotate ililipa faili jina jingine, ikaunda jipya. Msimbo wangu ulikuwa umeshika faili lenyewe, si jina, basi ukabaki kulingojea lile la zamani. Wenye tail wanajua: -f hushika faili, -F hufuata jina. Kwenye Python, linganisha st_ino ya os.stat na ya os.fstat; zikitofautiana, maliza kusoma la zamani kwanza, ndipo ufungue jipya.